Upande wa Fahali

Sema huku, upande wa kulia.
Sikio la kushoto nililiacha Boviano,
karakana ya Maras Betiti,
nyundo mia tisa kabla ya jua kufika utosini,
tangu theluji ya Matese ilipoanza kuvuja
hadi iliporudi.

Yeye alichonga, mimi niligonga,
mkewe Dekia akashika koleo.
Kila kipande kilichodondoka kikapuni, bado cha moto,
kilikuwa ujira wa mtu
ambaye huenda asirudi kuudai.

Fedha ilikuja kwa njia zake.
Vikombe vya harusi. Hirizi ya mtoto.
Kioo cha mkono cha bibi mmoja wa Teano,
alama ya kidole ingali juu yake.
Na dinari za Roma zenyewe, magunia mawili,
tulizolipwa sisi, miaka ile tuliyowapigania Numidia,
kisha tukaambiwa tusimame kando
wenyewe wakigawana nyara.

"Mbona tunazilinganisha uzito na zao?" nikauliza.
Maras hakuinua kichwa.
"Askari anaweza kuwachukia kwa moyo wote.
Kiganja chake kimeshawazoea."

Fahali alimaliza kwa siku tatu.
Nchi yetu, kwa kinywa cha kwetu, ni Viteliu,
na wazee husema ndani ya jina hilo mna ndama.
"Basi ndama kakua," akasema,
akamwotesha pembe,
akamlaza mbwamwitu chini ya kwato.
Huyo mbwamwitu ndiye aliyemsumbua.
Kila akimchonga, anatoka mzuri:
mbavu, ulimi nje, jicho moja linatazama juu.
"Umemwonea huruma," Dekia akamwambia.
"Namjua tu. Nimekula chakula chake miaka kumi na miwili."

Upande wa pili, kiapo:
wanaume wanane, panga zimeelekea nguruwe,
na kijana aliyepiga goti akimshika.
Nikasema, mbona wanane, sisi si wengi zaidi?
Akanitilia kile chuma mkononi,
uso wake mpana kama ukucha wa dole gumba.
"Haya. Nionyeshe pa kumsimamisha wa tisa."

Mdogo wangu, Statis, alikuwa wa tisa.
Au wa elfu tisa. Esernia hawakuhesabu.

Halafu maandishi.
Hili ndilo linaloniamsha usiku.
Sisi Wasamniti tunaandika toka kulia kwenda kushoto,
Warumi toka kushoto kwenda kulia.
Lakini muhuri husema kinyume:
ukitaka neno lisomeke sawa kwenye fedha,
lichonge kinyumenyume kwenye chuma.
Kwa hiyo Maras, akiliandika jina la uhuru wetu,
mkono wake ulitembea toka kushoto kwenda kulia,
herufi kwa herufi,
kama karani wa Roma.
Alifika katikati akasita.
Akacheka, akacheka mpaka patasi ikamponyoka.
Dekia naye akacheka.
Mimi sikucheka. Nilikuwa sijui kusoma,
nikadhani amekosea.

Mji ulitekwa kabla ya mavuno.
Muhuri tuliutupa kisimani, Maras akaufuata
siku ya pili, kwa mkuki, si kwa hiari.
Baadaye tukapewa uraia,
kitu kilekile tulichokuwa tumekiomba kwa mdomo
kabla sijainua nyundo ya kwanza.
Nilikwenda kujiandikisha. Karani akauliza jina,
akaliandika toka kushoto.

Hii moja nilibaki nayo, ndani ya kiatu.
Dole gumba limeisugua mpaka fahali hana pembe,
wale wanane wamekuwa uvimbe mmoja.
Jicho la mbwamwitu tu ndilo lipo.
Alilichonga kwa kina, yule bwana.

Basi.
Ulisema unanunua kwa uzito?